Mwenye Wivu Hatambui Sufuria Yake

“Mwenye wivu hatambui sufuria yake.” Wajukuu walipomsikia Bi Nuru akisema hivyo, wakamuuliza maneno hayo yalitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, akawaambia, na ilianza hapa hapa Muheza.

Mwatumu alikuwa mpishi wa shughuli, na kwa miaka mingi harusi haikunoga bila pilau yake. Kisha akainuka Hidaya, binti ambaye Mwatumu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukaanga vitunguu. Watu wakaanza kumwita Hidaya awapikie. Kila Mwatumu alipomsikia akisifiwa, alihisi kama kameza kaa la moto.

Siku moja picha iliingia kwenye simu yake: sufuria ya pilau inafuka mvuke, na mjusi kalala juu ya wali. Chini yake pameandikwa, “Pilau ya Hidaya.” Mwatumu hakuuliza imetoka wapi wala nani kaipiga. Roho yake ilisuuzika. Akaituma kwenye kundi la akina mama, akaongeza kwamba uchafu wa binti yule aliujua zamani.

Bi Tunu, aliyekuwa amemwita Hidaya apike harusi ya bintiye, akamkataa palepale. Lakini ile picha haikumtoka moyoni. Akaikuza, akaitazama vizuri, kisha akamfuata Mwatumu jikoni kwake.

“Mwatumu, mshikio huu uliofungwa waya wa shaba, mbona kama naujua?”

Mwatumu akatazama. Ilikuwa sufuria yake. Picha aliipiga mwenyewe, akaiweka mtandaoni kutangaza kazi. Mtu asiyejulikana akaichukua na kuichezea.

“Basi mjusi ni wako,” Bi Tunu akasema.

“Kabandikwa, Bi Tunu. Mvuke umefunika wali wote, yeye haukumgusa. Hata kivuli hana.”

“Na ulipoituma, hukuyaona hayo?”

Mwatumu akachukua simu yake. Hakuweza kujisafisha yeye bila kumsafisha Hidaya. Akarudi kwenye kundi lile lile, akaeleza yote, akamwomba Hidaya radhi. Baadhi ya akina mama hawakumwita tena kupika.

Harusi ilipikwa na Hidaya. Mwatumu alikwenda, akakaa mkekani na wenzake, akala. Wivu ulikuwa bado unamuuma, maana pilau ilikuwa tamu kweli. Jirani yake akamnong’oneza mwenzake, na tangu hapo mji mzima ukasema: mwenye wivu hatambui sufuria yake.