Pumba Ninazo, Kigae Sina

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Endeleeni kupukuchua mahindi, masikio hayapukuchui.

Kale, kale ile ya babu wa babu, palikuwa na kijiji, na kijijini humo aliishi bibi mfinyanzi jina lake Namkunda. Hakuwa na cheo. Alikuwa na mgongo uliopinda, mikono yenye udongo, na fimbo. Akitembea, fimbo ilisema ti, ti, ti. Hakumpita mtoto mwenye kamasi bila kumfuta. Mimi kwa hilo tu nampenda.

Alikuwapo pia Mdoe. Mdoe alilinda mashamba ya watu yasiliwe na nguruwe mwitu, yeye na mbwa wake Kijivu. Siku moja akaitwa kwenda kumuuguza mama yake, mwendo wa siku tatu. Akamfunga Kijivu uani asimfuate. Mlangoni mwa ua akaweka tawi la isale, kama ilivyokuwa desturi. Ukiona isale mlangoni, mwenyewe hayupo, na atakayelivuka ni mwizi.

Mdoe akaenda zake.

Siku ya kwanza mbwa akabweka. Hu, hu, hu.

Siku ya pili akalia. Nguu, nguu, nguu.

Siku ya tatu akalia kidogo. Nguu.

Siku ya nne, kimya.

Watu wakakusanyika nje ya ua, wakachungulia.

"Mdoe amemtupa mbwa," akasema Nakiete, jirani wa mkono wa kulia. "Twende kwa jumbe."

"Hata mimi nasema hivyo," akasema Semkiwa, jirani wa mkono wa kushoto. Lakini alimwambia mtu mwingine, maana yeye na Nakiete hawakuwa wakisemezana tangu kuku wa Nakiete walipoparua miche yake ya mboga.

Sasa sikilizeni sheria ya jumbe. Anayemtupa mbwa hunyang'anywa, na hafugi mwingine hadi kufa kwake. Na Mdoe bila mbwa angelinda nini? Angekula nini?

Wengine wakasita. "Na kama hakumtupa? Tutakuwa tumemfungia mtu mlango wa riziki bure."

Twende. Tusiende. Twende. Tusiende. Jua likapanda, maneno yakapanda, na mbwa yuko palepale.

Ti, ti, ti. Bibi Namkunda huyo, anatoka mtoni na mtungi kichwani.

"Mnabishania nini, wajukuu zangu?"

Wakamweleza.

"Maji amepewa?"

Wakaanza tena. Twende. Tusiende.

"Nauliza, mbwa amepewa maji?"

"Bibi, si kuna isale," akasema Semkiwa.

"Isale humzuia mwizi. Mwizi huingia mtupu akatoka na mzigo. Mimi naingia na mzigo, nitatoka mtupu."

Akavuka.

Kijivu alikuwa amelala ubavu, mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Bibi akamimina maji kiganjani, akamsogezea mdomoni. Hakunywa. Akamimina tena, akangoja. Ulimi ukatoka. Lapu. Kisha lapu, lapu, lapu.

Bibi akamshika shingo. Kamba ilikuwa imeviringishwa kitambaa laini isimchubue. Akatazama huku na huku uani.

"Anayemtupa mbwa hamviringishii kitambaa," akasema. "Na kigae chake cha kulia chakula kiko wapi? Mtu hamtupi mbwa akahifadhi kigae. Kuna aliyeachiwa, tuanze na majirani."

Akatoka. Ti, ti, ti, mpaka kwa Nakiete, watu nyuma yake. Kuku wa Nakiete walikuwa wakinywa maji kwenye kigae kikubwa chekundu.

"Chungu hiki nilikifinyanga mimi," akasema Bibi, "kikavunjikia kwa Mdoe. Kimefikaje kwa kuku?"

Nakiete akatazama chini. "Mdoe aliniletea, nimlishe Kijivu. Lakini Bibi, kigae ninacho, pumba sina. Nilingoja pumba."

"Pumba ziko kwa nani?"

Nakiete akaelekeza kwa midomo. Semkiwa akajikuna sikio.

"Pumba ninazo, kigae sina," akasema. "Mdoe alisema mwenye kigae atakuja kuchota. Hakuja. Sasa mimi nimfuate mwenye kuku?"

"Kigae ninacho, pumba sina. Pumba ninazo, kigae sina," akasema Bibi. "Na wa kwanza kutaka kwenda kwa jumbe ni ninyi wawili."

Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Kwa jumbe tutakwenda," Bibi akasema. "Mbwa kukaribia kufa njaa katikati ya kijiji si jambo la kufunika. Lakini kwanza uji."

Nakiete akaosha kigae. Semkiwa akaleta pumba. Wakapika chungu kimoja, huyu akitazama huku, yule akitazama kule, mpaka uji ulipotaka kuungua.

"Koroga, we," akasema Nakiete.

Semkiwa akakoroga.

Kijivu alipokula, wakaenda kwa jumbe.

"Nimekuja kushtaki," akasema Bibi.

"Unamshtaki nani?"

"Nakiete, mwenye kigae. Semkiwa, mwenye pumba. Kijiji kizima, chenye maji. Na mimi, niliyesikia kilio siku ya pili nikasema, ah, ni mbwa tu."

Jumbe akasikiliza pande zote. Kisha akaamua. Nakiete na Semkiwa wamlishe Kijivu pamoja, asubuhi na jioni, mpaka Mdoe arudi. Na tangu siku ile, anayesikia kiumbe analia ndani ya ua, akiwa na maji mkononi, isale halimzuii.

Mdoe akarudi, akamkuta Kijivu amesimama, mkia ukienda huku na huku. Akaelezwa yote. Akasema, "Niliwagawia makusudi, Bibi. Nilidhani mbwa atawapatanisha."

"Kupatanisha watu ni kuzuri, mwanangu," akasema Bibi Namkunda. "Ila tumia mdomo wako, usitumie tumbo la mbwa."

Mdoe akaona haya, akapiga magoti, akamwomba radhi Bibi. Bibi akamwonyesha Kijivu. "Mwenye kuombwa radhi ni yule pale."

Basi, wanangu, ukiona mnyama anateseka, sema. Usinyamaze kwa kuogopa kukosea. Lakini kabla mdomo haujaenda kushtaki, mkono uwe umekwisha kupeleka maji.

Hadithi yangu imekomea hapo, na iliyobaki ni kazi yenu.