Kata Yenye Mlima Uliogeuka

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Isome taratibu, halafu mpe na mwenzako, hasa yule anayejua kila kitu.

Zamani, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, alikuwepo mtu aliyeitwa Ngilisho. Kazi yake ilikuwa kusimamia mfereji ulioshusha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba ya watu. Yeye ndiye aliyepanga zamu: leo maji kwa fulani, keshokutwa kwa fulani. Hakuwa mvivu wala mpenda upendeleo. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na si ndogo: alichokwisha kukiona yeye, alidhani kimekwisha kuonekana chote.

Mwaka mmoja akahamia hapo mtu kutoka upande wa pili wa mlima, jina lake Mkenda, pamoja na mkewe na mtoto wao wa kunyonya. Mangi, yaani mtawala wa nchi ile, akampa kihamba, shamba la migomba. Mkenda akapanda migomba michanga, akangoja kuingizwa kwenye zamu ya maji.

Desturi ilikuwa kwamba anayetaka maji lazima kwanza ashiriki kusafisha mfereji. Mkenda akazoa tope siku tatu bila kunung'unika. Kazi ilipokwisha, watu wakaketi kunywa mbege, pombe ya ndizi, na yeye kama mgeni akatoa kata yake ili wote wainywee. Ilikuwa kata nzuri ya kibuyu. Ubavuni ilichorwa mlima kwa chuma cha moto, kilele cha Kibo kilicho mviringo na kile cha Mawenzi chenye mapengo.

Ngilisho akaipokea. Kabla haijafika mdomoni, mkono ukasita.

"Nani kachora kituko hiki?"

"Mama yangu," akajibu Mkenda.

"Mbona Mawenzi iko kushoto?"

"Ndiyo, baba. Iko kushoto."

Watu wakaangua kicheko, wengine hadi mbege ikawapalia. Wote wakageuka kuutazama mlima, ambao siku hiyo haukuwa na wingu. Kibo kushoto, Mawenzi kulia, kama ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Hata watoto walikijua kisa chake: Mawenzi alikuwa akienda kila mara kumwomba kaka yake moto, Kibo akachoka, akamtwanga hadi akamng'oa meno, naye akaangukia upande wa kulia.

"Kwetu aliangukia kushoto," Mkenda akasema kwa upole.

Hapo kicheko kikakatika. Ngilisho akaiweka kata chini bila kuinywea.

"Jamani, nisikilizeni. Mtu anayedanganya kuhusu mlima tunaouona sote, atasema kweli kuhusu maji yaliyo ndani ya kihamba chake, ambako hatumwoni? Huyu hapati zamu."

Watu wakaona hoja ina mashiko. Mkenda akanyimwa maji. Wiki haikuisha kabla ya majani ya migomba yake kuanza kujikunja. Mkewe akawa anashuka bondeni na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, ananywesha mche mmoja mmoja. Ilijulikana wazi kwamba migomba ile ikifa, familia ile haina cha kungojea pale.

Habari zikamfikia Mangi. Akamwita Ngilisho.

"Umewahi kuuona mlima kutoka kwao?"

"Mangi, mlima ni mmoja. Nauona kila siku tangu nizaliwe."

"Sikukuuliza umeuona mara ngapi. Nimekuuliza umeuona kutoka wapi."

Ngilisho akageuka kuutazama mlima.

"Ichukue kata ya Mkenda," Mangi akasema. "Zunguka mlima mpaka ufike aliposimama huyo mama alipoichora. Ukikuta ni uongo, rudi umfukuze Mkenda, nami sitakuzuia. Ila nenda upesi, migomba haingoji mashauri."

Ngilisho akafunga safari akielekea mawio ya jua, huku akinung'unika. Mtu mzima kutumwa kuthibitisha kwamba kulia ni kulia!

Siku ya pili alifika Ziwa Chala, lililojificha ndani ya shimo la kilima. Yeye aliyajua maji, basi alitaka kujua haya yanaingilia wapi. Akazunguka ukingo mzima akitafuta mto au walau kijito. Hakuona kitu. Akamuuliza mchungaji mmoja aliyekuwa akilisha mbuzi.

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Mlimani."

"Yanapita wapi? Mbona sioni mfereji?"

"Yanapita chini kwa chini," mchungaji akasema. "Au kwenu maji yasipokuonyesha njia huwa hayafiki?"

Ngilisho akacheka kwa aibu. Alipoinua macho kuutazama mlima, akaona Mawenzi imesogea mbele, imenenepa, na Kibo inachungulia kwa nyuma. Akayafikicha macho. Akasema ni uchovu, akaendelea.

Lakini kadiri alivyokwenda ndivyo Mawenzi ilivyozidi kuhama. Kila kilima alichokipanda kilimpa mlima mwingine. Hasira zikamtoka, udadisi ukamwingia. Akawa anaamka mapema kuliko alivyopanga, akaongeza mwendo, akitaka tu kuona kilima kinachofuata kitamwonyesha nini. Siku ya nne, akiwa kaskazini kwenye ardhi kavu yenye vumbi, akageuka, akainua kata, akailinganisha na mlima.

Mawenzi ilikuwa kushoto. Kila pengo lilikuwa mahali pake.

Alifurahi kama mtoto, na papo hapo akaumia moyoni.

Kiu ndiyo iliyomwondoa. Kibuyu chake kilikuwa kitupu tangu asubuhi. Akaifuata njia ya miguu hadi kwenye chemchemi ndogo, akakuta akina mama wamepanga mitungi, na mama mmoja shupavu anasimamia zamu.

"Mama zangu, naomba maji. Natoka mbele ya mlima."

"Mbele ya mlima ni huku," akasema yule msimamizi. "Wewe unatoka nyuma. Huko kukoje?"

Ngilisho, kwa ile furaha yake, akaanza kueleza. "Mtashangaa! Kwetu Mawenzi iko kulia."

Wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka mitungi ikayumba.

"Kulia! Mawenzi alipopigwa aliangukia kushoto, mtoto gani asiyejua?" Yule msimamizi akamkazia macho. "Mtu anayetudanganya kuhusu mlima huu hapa, nitaaminije kwamba kibuyu chake ni kitupu? Hapa maji ni machache, baba. Shika njia yako."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Aliyatambua kama mtu anavyomtambua ng'ombe wake katika zizi la jirani. Akageuka aondoke, na kata ikaonekana ikining'inia kiunoni mwake.

"Simama!" Bibi mmoja akatoka kwenye foleni. "Hiyo kata umeipata wapi?"

"Ni ya mtu wa kwetu. Anaitwa Mkenda."

Bibi akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya Mawenzi. "Huu ni mkono wangu," akawaambia wenzake. "Mpeni maji. Mpeni zamu yangu."

Akachota maji, kata ikajaa, akampa. Ngilisho akanywa, na yule bibi akamtazama kwa macho yenye hamu.

"Na mwanangu hajambo? Mjukuu wangu ameshaanza kutambaa?" Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu baya, "Huko kwenu wanampa maji?"

Ngilisho akaishusha kata kutoka mdomoni. Alikuwa amebakiza nusu, akamrudishia.

Bibi akadhani ni uchovu. Akamketisha kwake, akawasha moto, akatia chuma.

"Hebu nielezee vizuri. Mlima wa kwenu ukoje? Mwanangu anaona nini akiamka?"

Yeye hakumwita mwongo. Aliuliza tu, kila pengo, kila mteremko, na Ngilisho akaeleza, naye bibi akachora upande wa pili wa kata.

Asubuhi Ngilisho akaondoka, na safari ya siku nne akaimaliza kwa tatu. Hakupitia kwa Mangi wala nyumbani kwake. Alichuma jani la isale, mmea ule unaopandwa mipakani mwa vihamba, ambao mwenye kosa akija nao kuomba radhi, hafukuzwi. Akaenda nalo hadi kwa Mkenda. Migomba mingi ilikuwa imekauka. Michache, ile iliyonyweshwa kwa mtungi, bado ilikuwa na kijani katikati.

Majirani wakamzunguka. "Enhe, Ngilisho! Mawenzi iko wapi?"

"Kushoto," akasema. "Na kulia."

"Maskini, wamemloga huko!"

Ngilisho akawapita. Alimpa Mkenda jani, kisha kata. Mkenda akaigeuza, akaona ule mlima mpya, akaujua mkono uliouchora. Machozi yakamlenga.

"Umemwona mama?"

"Nimemwona. Alinipa zamu yake ya maji." Ngilisho akaitazama migomba iliyokauka. "Akaniuliza kama wewe tunakupa. Sikuweza kumjibu."

Siku ile ilikuwa zamu ya Ngilisho mwenyewe. Akapanda juu kwenye mfereji, akaziba njia ya kihamba chake kwa mawe na tope, akafungua ya Mkenda. Maji yakashuka yakiimba kati ya migomba. Mke wa Mkenda akautua mtungi chini.

"Sasa," Ngilisho akasema, "nikimwona tena, nina jibu."

Funzo: Kabla hujamwita mwenzako mwongo, nenda kwanza ukasimame pale aliposimama; na kama ni mbali mno, basi usimnyime maji kabla hujafika.