Yowe la Sungura

Usingoje yowe la sungura. Mmeisikia asubuhi kwa shangazi yenu mkaangua kicheko, eti sungura ana yowe gani, bubu yule. Haya kaeni, na wewe Mbwana weka hiyo simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Huko kwetu milimani Usambara palikuwa na mjane kijana, Zahina, aliyekuwa katika eda. Eda mnaijua: mume akifa, mke hutulia nyumbani kwa miezi, hatoki ovyo. Marehemu alimwachia mtoto mchanga na banda la sungura nyuma ya jiko. Watu walimcheka sana marehemu, maana hakuwafuga kwa mchuzi, aliwapenda tu. Zahina naye akawazoea hadi akajua lugha yao. Sungura akifurahi huruka kando akitikisa kichwa. Ukimpapasa husaga meno taratibu. Akikasirika huguna. Akiogopa huupiga chini mguu wa nyuma, pu, kuwaonya wenzake.

Mwaka huo mvua ilinyesha hadi watu wakaichoka. Siku mvua ilipokatika, mchana, sungura wote wakaanza kupiga miguu. Majani hawakuyagusa. Masikio yamesimama, macho yamewatoka, pu, pu, kisha kimya, kisha tena. Zahina akatafuta paka, akatafuta nyoka, hakuona kitu. Akaweka kiganja chini, akahisi ardhi inatetema. Akainuka upesi, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa chini ya mteremko mkali.

Akamsihi mama mkwe wake, Bi Mwantumu, watoke. Weee, bibi yule! Aliogopa maneno ya watu kuliko radi. Akavuta kigoda, akaketi mlangoni, akasema mume bado mbichi kaburini na mke ameshaanza kutafuta visingizio vya kuzurura.

"Mnyama akiona mauti hulia," akasema. "Hao wamelia?"

"Sungura hulia mara moja tu, mama, na hapo ameshakwisha," Zahina akajibu. "Basi mimi nitakaa. Wewe huna eda. Mchukue mjukuu wako, mpeleke kule kilimani msikitini."

Bi Mwantumu akainuka kigodani. Damu ya mwanawe angeiachaje? Akambeba mtoto, akapanda njia akinung'unika. Alipofika juu akageuka. Migomba iliyo nyuma ya nyumba ilikuwa inainama yote upande mmoja, na upepo hakuna. Mkamwana wake yumo mle ndani kwa sababu ya ulimi wake yeye.

"Toka!" akapaza sauti. "Toka mwanangu, eda utaimalizia popote!"

Zahina akafungua banda, akakimbia kichwa wazi. Sungura wakatawanyika, ila jike mmoja mwenye vitoto vichanga, huyo hakubanduka. Zahina alikuwa hajafika juu, mlima ukashuka nyuma yake. Na kabla tope halijalifunika banda likasikika yowe, jembamba, kama la mtoto wa binadamu. Moja tu, halafu kimya.

Bi Mwantumu alilia siku ile kuliko alivyomlilia mwanawe. Tangu hapo, kila alipomkuta mtu anaonywa naye anabisha, anataka kwanza aone kwa macho, alimshika mkono akamwambia: usingoje yowe la sungura.