Kofia ya Jicho Lililozimika

Hapo zamani, tena si zamani ile ya sungura kuposa, ni zamani ya juzijuzi tu, bibi yako ameshakuwa na simu na anaificha kwenye khanga, palikuwa na Mzaramo mmoja mdarizi wa kofia, jina lake Mwinshehe. Nakshi zake zilikuwa ndogo, hata mbu angeomba miwani. Na mdomo wake haukujua kufungwa: alitania harusini, alitania msibani, alimtania imamu angali anatawadha. Basi siku aliyosema kweli, nani angemwamini?

Ilikuwa mchana, harusi ya mpwa wake. Mwinshehe alikuwa ndio kwanza ametoka kwenye homa: mafua, viungo kuuma, kikohozi cha kutikisa bati. Zahanati alikataa katakata. Alisema virusi ni wageni, ukiwanyima chai wataondoka wenyewe. Homa ikaondoka kweli, akavaa kanzu, akaketi kwenye sinia la pilau na wenzake. Ghafla, bila maumivu yoyote, jicho la kulia likazimika. Si ukungu, si mchanga. Giza, kama mtu kashusha pazia.

Mwinshehe akasema jicho limezimika. Watu wakacheka. Akasema wallahi halioni. Watu wakacheka zaidi, mmoja akamuuliza kama umeme wa luku umeisha. Akasema taratibu kwamba anaogopa. Hapo ndipo walipopaliwa na wali, maana Mwinshehe kuogopa kilikuwa kichekesho kipya kabisa. Akarudisha mkono kwenye sinia. Mdarizi bila jicho ni nani?

Kuliani kwake aliketi Nkwabi, Mnyamwezi, mtani wake. Na mtani, mnamjua, wizi kwake ni haki ya kurithi. Akachukua mnofu upande wa Mwinshehe. Kimya. Akachukua wa pili. Kimya. Akachukua mfupa wenye ute, ule ambao Mwinshehe angeupigania hata na mkwewe. Kimya. Nkwabi akaufyonza kwanza, akaumaliza, kisha akasimama, mdomo unang'aa mafuta.

"Acheni kucheka. Mtu huyu haoni. Nimemwibia sinia zima na hajanitukana."

Kicheko kikakatika kama uzi.

Mkewe, Sikudhani, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Shangazi mmoja akashauri jicho litiwe maziwa ya mzazi, mgonjwa alale, kesho ataonwa. Sikudhani akamsogeza shangazi kwa mwiko, kwa adabu zote, akaliendea gari la bibi harusi na kumwamuru dereva awashe. Mwinshehe akaketishwa kwenye kiti cha bibi harusi, maua kulia, maua kushoto, Nkwabi mbele. Njia nzima watu wakawapigia vigelegele. Mwinshehe akawapungia mkono. Angefanyaje?

Humo garini, utani ukiwa umemkauka, akaweka nadhiri: "Atakayeniokolea jicho hili, kofia yangu ya kwanza nikipona ni yake."

Walimkuta daktari wa macho, Dokta Tuntufye, akifunga mlango wa kliniki yake. Akaufungua tena. Akachungulia ndani ya jicho, akaona nyuma pamepauka: mshipa unaoleta damu ulikuwa umeziba. Akalibonyeza jicho na kuliachia, akalibonyeza na kuliachia, akampa dawa ya kushusha presha ya ndani ya jicho. Akawaambia wazi kwamba macho mengi ya namna hii hayarudi. Wakangoja. Sikudhani akaushika mwiko kama tasbihi.

Kisha pazia likapanda. Kitu cha kwanza Mwinshehe kukiona kwa jicho hilo ni mdomo wa Nkwabi, na mafuta yake. Akamtukana tusi refu, tamu, la ukoo mzima. Sikudhani akalia kwa furaha.

Kofia ikadariziwa, ikaisha, nzuri ajabu. Wakakusanyika kwake waokoaji wote watatu.

Nkwabi akasema, "Bila wizi wangu wangecheka mpaka leo. Kofia yangu."

"Ulifyonza mfupa kwanza ndipo ukasema," akajibu Sikudhani. "Jicho linakufa, wewe unashiba. Ningemsikiliza shangazi, leo angekuwa chongo. Kofia yangu."

"Kichwa chako kina mtandio, shemeji. Na homa ile uliilea nyumbani ukiiangalia."

"Mtu mzima hafungwi kamba kama mbuzi."

Dokta Tuntufye akasema, "Mlileta jicho lililozimika, nikawarudishia linaloona. Tena nikauliza kuhusu mafua, nikapima damu, nikaikuta inaganda upesi. Nikampa dawa, hata jicho la pili likalindwa. Kofia yangu, nimpelekee baba."

Nkwabi akamuuliza kama kweli virusi ndivyo vilivyouziba mshipa.

"Huenda. Wachunguzi wanaona virusi vinaweza kuichafua damu hadi igande. Kwake yeye siwezi kuapa."

"Mnamsikia? Anataka kofia nzima kwa 'huenda' moja."

Wakacheka wote, daktari naye, ila hakuna aliyeurudisha mkono nyuma. Mwinshehe akaipakata kofia, macho yote mawili yakitoka uso hadi uso. Kofia moja, vichwa vitatu, na kila kimoja kimeshainama kuvishwa.

Haya, wenzangu: aliyegundua, aliyekimbiza, aliyetibu. Je, nyinyi mngemvisha nani?