Vumbi la Mgongoni

"Asiyekubali kushindwa si mshindani." Ndivyo mlivyoambiwa leo, wajukuu zangu, mlipokataa kuwapa mkono waliowafunga mabao. Mnauliza msemo huo ulitoka wapi. Vuteni hayo mahindi karibu, tuyapukuchue huku nikiwaeleza.

Hapo kale mieleka ya milimani kwetu haikuwa mchezo. Wanaume walivaa bangili nzito za chuma, wakapigana hadi mmoja asiweze kuinuka. Wazee walipochoka kuzika vijana, walizitupa bangili bondeni na kuweka sheria: mgongo ukigusa ardhi, basi. Aliyeanguka atamke, "Umenishinda," na mshindi amfute vumbi mgongoni. Neno hilo lisipotamkwa, pambano halijaisha, na hakuna mwingine wa kuingia uwanjani.

Bingwa wa siku hizo aliitwa Mrindoko. Kila alfajiri mkewe, Nakiete, alisaga ulezi akiimba, "Mrindoko, mwamba wa mlimani." Mrindoko alilala akingoja jina lake lifike, ndipo ainuke. Asubuhi moja jina likafika, lakini halikuwa lake.

"Mfinanga, mwamba wa mlimani..."

Jiwe la kusagia likasimama ghafla. "Nisamehe, mume wangu," Nakiete akasema. "Ndivyo wanavyoimba kisimani siku hizi."

Mfinanga! Kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe hata namna ya kusimama! Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka Mrindoko. Akiona watoto wakitembea kwa kutanua mabega kama Mfinanga, alihisi wameutupa mwendo wake wakaiga wa mwingine. Hata salamu ya kijana huyo, "Umeamkaje, mwalimu wangu?" ilimwasha kama upupu.

Sikukuu ya mavuno wakakutana uwanjani. Mrindoko aliingia na wivu, akili akaiacha nyumbani. Mfinanga akampiga ngwala, ileile aliyofundishwa naye, na mgongo wa bingwa ukagusa ardhi. Watu wakangoja neno.

"Niliteleza," akasema Mrindoko.

"Uliteleza wapi, na mvua hatujaiona tangu mtama ulipochanua?" mtu akadakia. Watu wakaangua kicheko.

Mfinanga akainama. "Mwalimu, litamke tu, nikufute."

"Usiniguse!"

Mrindoko akashuka mtoni, akajiosha mgongo mwenyewe.

Basi uwanja ukafungwa. Vijana, damu ikiwachemka, wakaanza kwenda bondeni kupigana kama mababu. Bangili zilizotupwa zikaokotwa. Haukupita muda, Kihiyo, mdogo wake Mrindoko, akaletwa nyumbani kwa machela, taya limevunjika. Nakiete alimdondoshea uji mdomoni, tone kwa tone. Kihiyo alijaribu kusema, sauti ikakwama, machozi yakamtoka.

Nakiete akamgeukia mumewe. "Huyu anataka kusema, hawezi. Wewe unaweza, hutaki."

 Kulipokucha Mrindoko alikwenda kwa Mama Nangasu, bibi aliyetunza uwanja. Hata njiani wivu ulikuwa bado unamnong'oneza.

"Mama, nifungulie nirudiane na Mfinanga."

"Mfinanga atapambana na washindani. Wewe si mshindani."

"Mimi? Nimeshinda miaka tisa!"

"Kushinda hata jogoo hushinda, mwanangu," bibi akasema, akaendelea kufagia mlango wake.

Mrindoko alisimama pale mpaka jua likamchoma utosi. Kisha akaomba Mfinanga aitwe, na kijiji chote pamoja naye. Walipokusanyika akavua shuka begani, akampa kijana mgongo. 

"Sikuteleza. Umenishinda. Na kilichonifunga mdomo ni wivu, kwa sababu jina lako liliimbwa nyumbani mwangu."

Mgongo ule ulikuwa safi, vumbi lilikwisha kuoshwa zamani. Hata hivyo Mfinanga akaufuta polepole kwa viganja viwili, huku akilia.

Mama Nangasu akafungua uwanja. Vijana waliporudi, wa kwanza kuanguka akafungua kinywa: "Nili..."

"Usilimalize neno hilo, mwanangu," Mrindoko akamkatiza. "Lilimvunja ndugu yangu taya. Asiyekubali kushindwa si mshindani."