Nyonga ya Yasinta

Ndugu zangu, nimeombwa leo nihubiri juu ya upendo. Nitahubiri. Ila kwanza niwape habari ya binti mmoja mkimbiaji, halafu ninyi mniambie upendo ulikuwa wapi humo ndani.

Binti huyu tumwite Yasinta. Wazazi wake walikuwa wakulima wa vitunguu swaumu, huko juu kwenye baridi. Alikuwa na miaka kumi na saba alipopokelewa kwenye kambi ya wakimbiaji ya kocha mmoja aliyeitwa Amnaay. Alifika na haraka zake. Shuleni alikuwa ameshinda kila mbio, akadhani atapewa marathoni wiki ijayo. Kocha akacheka.

"Ukinisikiliza, binti yangu, utakimbia marathoni mwaka wa saba. Usiponisikiliza, hutaikimbia kabisa."

Mwaka wa kwanza ukapita kwa kukimbia polepole tu. Mnadhani wakimbiaji wakubwa wanakimbia kila siku kama wanaofukuzwa na nyuki? Hapana. Siku nyingi katika wiki wanakwenda taratibu, wanapiga soga njiani, wanasalimia watu. Kasi ni siku mbili au tatu, na siku hizo mtu anaweza kutapika. Mwaka wa pili akapewa vilima. Mwaka wa tatu, mbio za uwanjani. Mwaka wa tano, nusu marathoni. Kilomita zilikuwa zinaongezwa kidogo kidogo, na akilalamika, kocha anamwambia, "Mapafu yako tayari, naona. Moyo nao uko tayari. Lakini mifupa inataka miaka, Yasinta. Mfupa hauambiwi harakisha."

Shikeni hapo: kocha ndiye aliyesema hivyo. Alijua. Hakuwa mtu mjinga wala mtu mbaya.

Mwaka wa saba ukafika. Yasinta akakimbia marathoni yake ya kwanza, akamaliza wa pili, na watu wa chama cha riadha wakaanza kuliulizia jina lake. Mwaka uliofuata kukatangazwa mbio za kuchagua timu ya taifa. Wanawake watatu tu ndio wangechukuliwa kwenda kwenye mashindano ya dunia. Na kambi ile, kwa miaka ishirini na miwili, haikuwahi kupeleka mwanamke hata mmoja.

Zikiwa zimebaki wiki sita, Yasinta akaanza kusikia maumivu kwenye kinena, upande wa kulia. Mwanzoni yalikuja mwisho wa mazoezi. Kisha yakaanza kuja katikati. Kisha akawa anaamka nayo.

Alikuwa akilala chumba kimoja na mwenzake, Felista, mdogo wake kwa miaka mitatu. Asubuhi moja Felista alikuwa anafunga kamba za viatu, akamwona Yasinta amekaa kitandani na soksi mkononi, anaitazama tu. Mguu ulikuwa haunyanyuki. Felista akapiga magoti, akamvalisha soksi, akamvalisha na kiatu.

"Dada, mwambie kocha."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba huwezi hata kuvaa soksi."

Yasinta akamshika mkono. "Felista, umewahi kumwona mtu aliyeumia akibaki hapa? Yuko wapi Yuliana? Yuko wapi yule wa Karatu? Waliumia, wakafunga mabegi, na hakuna aliyewataja tena. Ukimwambia kocha, umeniua."

Felista akamalizia kufunga kamba za kiatu kile. Kesho yake akamvalisha tena soksi, na kesho kutwa pia. Wiki nne, ndugu zangu, kila asubuhi binti mmoja anampigia magoti mwenzake na kumvalisha. Ukiingia chumbani mle ungesema huo ndio upendo wenyewe. Ungesema tuandike wimbo.

Nami nawaambia jambo jingine. Katika mahesabu ya kambi, Felista alikuwa wa nne. Wanaokwenda ni watatu.

Kocha naye alikuwa na desturi yake. Kabla ya jua kuchomoza wakimbiaji walisimama getini wakijipasha moto, naye akipita kwa kila mmoja akiuliza, "Miguu inasemaje?" Na kila mmoja alijibu, "Iko vizuri, kocha." Alipofika kwa Yasinta aliuliza vivyo hivyo, na Yasinta alijibu vivyo hivyo, akitabasamu. Kocha akampiga bega kidogo, akaendelea kwa mwingine.

Siku ya mbio ikafika. Yasinta alimeza vidonge vinne vya maumivu, akaanza na kundi la mbele. Kilomita kumi yuko nao. Kilomita ishirini yuko nao, wa tatu. Watu waliokuwa barabarani walisema walimwona akikimbia na machozi, wakadhani ni jasho. Kilomita ya ishirini na tisa, kwenye mteremko mdogo ambao hata mzee angeushuka, mfupa wa nyonga ukakatika. Waliokuwa karibu waliusikia. Akaanguka ubavu, akajaribu kunyanyuka, akaanguka tena, kisha akaanza kutambaa kwa viwiko, kuelekea mbele. Alikwenda kama hatua nane hivi kabla hawajamzuia.

Felista alimpita pale. Alimtazama, akaendelea kukimbia. Akamaliza wa tatu.

Hospitalini, daktari aliiweka picha kwenye mwanga, akawageukia kocha na Felista, ambaye bado alikuwa na namba yake ya mbio kifuani. "Mfupa huu haukuvunjika leo," akasema. "Huu ulianza na ufa mwembamba kama unywele, mwezi mmoja na zaidi uliopita. Mtu hawezi kuficha maumivu haya. Ninyi mnaokaa naye hamkuona?"

Felista akaanza kulia. "Mimi nilijua, daktari. Nilikuwa namvalisha soksi. Alinikataza kusema." Kisha akasema neno ambalo sidhani wengi wetu tungethubutu kulisema: "Ila sijui kama nilinyamaza kwa sababu nampenda, au kwa sababu nilikuwa wa nne. Nimejiuliza njia nzima kuja hapa. Sijui."

Mngetegemea kocha amkemee, sivyo? Hakumkemea. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Mimi pia nilijua," akasema. "Tangu wiki ya pili. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, hatua ya mtu naisikia kabla sijamwona. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatua kama wa mtu anayekanyaga kinyesi. Nilijua ni nyonga. Kila asubuhi pale getini nilimuuliza, na moyoni naomba, Mungu wangu, asije akaniambia ukweli."

Mmesikia? Anauliza huku anaomba asijibiwe.

Siku ya nne, vyuma vikiwa vimeshawekwa, wakamruhusu kocha aingie. Yasinta alikuwa ameegemezwa kwenye mito, uso umekwisha.

"Felista ameniambia. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukunizuia, kocha?"

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia ungenirudisha nyumbani."

"Ndiyo. Ningekupumzisha miezi mitatu, ufa ujifunge. Halafu ungerudi."

Yasinta akahesabu kwa vidole juu ya shuka. Nadhani alikuwa anaigeuza ile namba kichwani. Miaka minane ya vilima na baridi, miaka minane ya kuambiwa subiri, naye alisubiri.

"Miezi mitatu tu?" akauliza.

"Mitatu."

"Mbona hakuna mtu aliyewahi kutuambia kwamba ni miezi mitatu?"

Katika kambi ile watu walifundishwa kukimbia, kula, kulala, kupumua kwenye kilima. Habari ya kuumia haikuwahi kusemwa hata siku moja. Kila aliyeumia alidhani ni yeye peke yake, na kwamba ndiyo mwisho.

Sitawadanganya kwamba alipona. Ningependa, maana najua mmekuja hapa mnataka kuondoka na kitu cha kushika. Mfupa ulikosa damu, ukafa ndani ya mwaka. Ana miaka ishirini na saba, anatembea na fimbo, anachambua vitunguu swaumu nyumbani kwa mama yake akiwa amekaa kwenye kigoda kirefu, kwa sababu kifupi hawezi kukiinukia. Felista alikwenda kwenye mashindano, akaishia njiani, na hajakimbia tena. Kocha alifunga kambi. Si kwa sababu alifukuzwa. Alisema hawezi tena kusimama pale getini.

Sasa mtaniuliza, mchungaji, mwenye kosa ni nani? Ni aliyeficha? Ni aliyenyamaza? Ni aliyeuliza bila kutaka jibu? Wapimeni wenyewe, mnazo njia ndefu za kurudi nyumbani. Mimi kinachoninyima usingizi ni kwamba hakuna aliyemchukia Yasinta. Hata mmoja. Wote walimpenda, na wote waliona, na akavunjika mbele ya macho yao.

Na sisi je? Hapo mlangoni kila Jumapili tunapeana mikono. "Bwana asifiwe, mama, habari za nyumbani?" "Nzuri, mchungaji." Na mkono wangu umeshafika kwa anayefuata kabla neno "nzuri" halijaisha. Sisi tunajua nyumba ambazo si nzuri. Tunajua ni kijana gani ananuka pombe asubuhi, ni mke gani anavaa mikono mirefu siku za jua. Tunauliza, tunajibiwa, tunashukuru Mungu. Tunarudi nyumbani tukijiita watu wanaopendana.

Mnamkumbuka mama yetu wa kwaya, yule wa sauti ya pili? Sitamtaja, mnamjua. Alianza kukonda baada ya Krismasi. Joho likawa linampwaya, likaharibu mstari wa kwaya, nikalichukua mwenyewe kwa mkono wangu huu nikalipeleka kwa fundi. Likapunguzwa. Mwezi wa sita likawa linampwaya tena. Nikalipeleka tena. Yule fundi, mwanamke ambaye hata hasali hapa kwetu, akalikunjua juu ya cherehani, akanitazama, akasema, "Mchungaji, hili joho si ndilo nililopunguza kabla ya Pasaka? Huyu mtu ana nini?"

Nikamwambia, "Lipunguze tu, dada. Jumapili tuna ugeni wa askofu."

Akalipunguza. Likamkaa vizuri sana. Askofu aliisifu kwaya, mnakumbuka, na sote tukapiga makofi. Mwezi wa nane tukamzika nalo.