Friji Lililokaa Kwenye Boksi

Ndugu zangu, leo sina habari tamu. Nisikilizeni hivyo hivyo.

Palikuwa na kijiji kimoja kikavu, chenye nyoka wengi na zahanati moja. Zahanati ile haikuwa na friji, na dawa ya sumu ya nyoka haikai bila ubaridi. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Mzee Chilongani, akamwagiza muuzaji wa mjini, Bwana Masaki, friji la umeme wa jua. Kwenye karatasi yake ya oda aliandika: "Muuzaji atakuja kulifunga."

Masaki akajibu kwa karatasi yake: "Tumekubali oda yako. Asante." Lakini chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, ilisema: "Mnunuzi atatafuta fundi wake." Friji likaletwa, Chilongani akasaini kupokea, gari likaondoka. Kila mmoja akaiweka karatasi ya mwenzake bila kuisoma.

Sasa niambieni, walikuwa wamekubaliana? Huyu anasema funga wewe, yule anasema funga wewe, na wote wawili wanasema tumepatana!

Wiki ya tatu Chilongani akapiga simu.

"Fundi wako yuko wapi, ndugu yangu? Friji bado liko kwenye boksi."

"Fundi wangu? Soma karatasi niliyokutumia, mzee. Kufunga ni juu yako."

"Soma yangu wewe! Ndiyo ya kwanza."

"Na yangu ndiyo ya mwisho, na mzigo ukaupokea."

Wanakamati wakamwambia Chilongani atafute fundi wa jirani, mambo yaishe. Akakataa: "Nikiligusa tu, nimekubali masharti yake." Kule mjini, mke wa Masaki akamsihi mumewe atume mtu. Naye akasema: "Nikituma, nimekubali ya kwake." Boksi likakaa barazani. Kuku wakaanza kutagia nyuma yake.

Mwezi wa pili, saa tano asubuhi, binti wa miaka tisa, Damari, aliumwa na nyoka akichimba karanga na mama yake. Mama akambeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi akamtazama mtoto, akalitazama boksi, akasema, "Dawa iko wilayani, mama." Wakampakia kwenye pikipiki. Hakufika.

Masaki aliposikia, alikuja msibani. Si mtu mbaya yule. Akakaa karibu na Chilongani, wote wameinamisha vichwa. Mama mfiwa, ambaye hakujua kusoma, akawafuata.

"Nasikia mna karatasi. Nisomeeni."

Wakazitoa mifukoni. Kila mmoja akasoma ya mwenzake, kwa sauti, kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo wewe, mzee, ulikuwa na haki?"

"Kwa karatasi yangu, ndiyo, mama."

"Na wewe, baba?"

"Kwa yangu, ndiyo."

"Kama wote mlikuwa na haki, mwanangu ameuawa na nani?"



Mtasema nyoka. Haya, tuseme nyoka. Lakini sisi tuliomo humu, ni mara ngapi tumesema "ndiyo" moja yenye maana mbili? Mume kafunga ndoa akijua mke ataacha kazi. Mke kafunga ndoa akijua ataendelea nayo. Ndugu wawili wamepatana kumtunza mama yao mgonjwa, kila mmoja akijua mwenzake ndiye atakayekaa naye. Tunapeana mikono, tunakula pilau, tunaogopa kuulizana, "Wewe umeelewaje?" Siku ikifika kila mtu anasema, "Mimi nilisema." Na kweli ulisema! Lakini ulimsikiliza mwenzio? Na mkishajua kwamba hamkuelewana, ni nani kati yenu aliyenyanyuka kwanza?

Huwa hatunyanyuki. Tunalinda haki yetu, na kati yetu amelala mtu ambaye hakusaini chochote.

Ndugu zangu, siku ile Mungu hatatuuliza nani alikuwa na haki. Atauliza: mtoto yuko wapi?